Mlinzi wa Kompyuta Naye Achunguzwe

Mtu ashukapo daladala katika kituo cha Mkolani, kando ya barabara kuu iendayo Buhongwa, Usagara na hatimaye Shinyanga, hatembei mwendo mrefu kabla hajaona kibao cha duka la steshenari. Ndani mna mashine ya kutoa nakala, kompyuta moja au mbili, na kijana aliyeizoea kazi yake. Hapo ndipo wananchi wengi hupitisha karatasi zao za maisha. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita huja kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo. Mwalimu asiyepata kazi huja kuweka vyeti vyake katika tovuti ya ajira ya Serikali. Mama mwenye kibanda cha dagaa huja kutoa nakala ya kitambulisho cha Taifa ili akubaliwe katika kikundi cha kukopeshana. Na mzee mwenye rufaa ya kwenda Bugando huja kuchapisha karatasi aliyotumiwa na mwanawe kwa simu.

Karatasi hizo hazipiti tu zikaenda zao. Nakala zake hubaki ndani ya kompyuta, wiki baada ya wiki, zimerundikana pamoja na za watu wengine mamia. Na mwananchi mwenye busara akimwuliza mwenye duka kama mambo yake yamo salama, jibu apewalo ni lile lile: "Usiwe na wasiwasi, mashine hii ina antivirusi." Kisha huonyeshwa pembeni mwa kioo alama ndogo ya ngao, yenye rangi ya kijani.

Jibu hilo ndilo tutakalo kulitazama leo, kwa kuwa watu wengi mno wamelipokea bila kuuliza neno la pili.

Yafaa kwanza tujue ni mali gani ilindwayo. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo si kitu kingine ila mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Basi kila atoaye nakala ya kitambulisho chake ametoa na tarehe yake ya kuzaliwa. Wakati huo huo twajua kwamba namba ya siri ya fedha za simu kwa wengi ni ya tarakimu nne, na watu si haba huchagua mwaka wao wa kuzaliwa ili wasiisahau. Tangu laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, kitambulisho, laini na fedha vimefungwa kwa kamba moja. Aliyeshika ncha moja ya kamba hiyo hana safari ndefu ya kuifikia ncha ya pili.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufundishwa maana ya mlinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi katika Usukuma na Unyamwezi, na wananchi walipoona kuwa mkono wa polisi hauwafikii upesi, waliunda sungusungu. Vijana na wazee walishika upinde na mshale, wakaitikia yowe usiku, wakafuata nyayo za mifugo kutoka kijiji hadi kijiji. Walipewa madaraka makubwa: waliweza kuingia katika mji wa mtu, kumhoji mgeni, kumtoza faini asiyeitikia yowe. Lakini kila mmoja wao alijulikana kwa jina, kwa baba yake na kwa mji wake. Walikuwa na ntemi wao na katibu wao, na aliyekosea aliweza kuitwa mbele ya watu. Hata hivyo, ndugu msomaji, madaraka hayo yalipotoka mara nyingine. Watu walipigwa, na wengine walisingiziwa uchawi. Ndipo mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili walinzi hao nao wawe chini ya sheria.

Sasa mlinganishe mlinzi yule na huyu wa kompyuta. Programu za kawaida huishi sebuleni. Mfumo uendeshao kompyuta huishi chumba cha ndani kabisa. Antivirusi haiwezi kufanya kazi yake kutoka sebuleni. Ni lazima ipewe ruhusa ya kuingia chumba cha ndani, kwa sababu mwizi hodari naye hukimbilia huko huko. Kutoka hapo husoma kila faili lifunguliwalo, kila flashi ichomekwayo, na kila anwani ya tovuti iitwayo. Nyingine husimama katikati ya mazungumzo ya kivinjari na benki: barua iliyotiwa lakiri hufunguliwa, husomwa, kisha hutiwa lakiri upya na kupelekwa iendako. Tena ikikutana na faili isilolijua, hulituma ng'ambo kwenye mitambo ya kampuni iliyoiunda ili lichunguzwe. Hayo yote yana sababu ya haki, kwani asiyeona hawezi kukamata. Lakini maana yake ni kwamba mwenye antivirusi amemkabidhi mtu asiyemjua, aliye katika nchi asiyoijua, madaraka ambayo ntemi wa sungusungu hakuwahi kuyaota.

Kwa hiyo kuuliza kama mlinzi anajua kukamata mwizi hakutoshi. Yatupasa kuuliza pia: ayaonayo ndani ya nyumba huyapeleka wapi?

Jambo hili si la kudhaniwa. Kampuni ya Avast ilianzishwa mjini Prague mwaka 1988 na wataalamu wawili, Pavel Baudiš na Eduard Kučera. Antivirusi yake ilitolewa bure, nayo ikaenea duniani hata ikahesabiwa kuwa na watumiaji zaidi ya milioni 400. Ilijitangaza kuwa mlinzi si wa kompyuta tu bali hata wa faragha, kwamba itawazuia wale wanaowanyemelea watu katika intaneti wakiandika kila wanachokitazama. Mwaka 2013 iliinunua kampuni nyingine iitwayo Jumpshot, na tangu mwaka 2014 ikaifanya kuwa duka. Bidhaa za duka hilo zilikuwa habari za wale wale waliokuwa wakilindwa: kurasa walizofungua, maneno waliyotafuta, video walizotazama, na saa kamili ya kila tendo.

Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Wladimir Palant, alieleza hadharani mwaka 2019 jinsi viongezo vya Avast katika kivinjari vilivyokuwa vikikusanya habari kupita kiasi cha kazi yake, na mwishoni mwa mwaka huo viongezo hivyo viliondolewa katika maduka ya Mozilla na Google. Januari 2020 waandishi wa habari wa Motherboard na PCMag walifichua biashara yenyewe ya Jumpshot. Siku chache baadaye Avast ikatangaza kuifunga. Lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Tume ya Biashara ya Marekani ilipotoa mashtaka yake Februari 2024, ilieleza kuwa Jumpshot ilikuwa imeuza habari kwa wanunuzi zaidi ya 100, na kwamba ghala lake lilikuwa na zaidi ya petabaiti 8 za habari. Ili msomaji apate picha, petabaiti 8 ni sawa na kujaza flashi 500,000 za gigabaiti 16. Ndani yake, kwa maelezo ya Tume hiyo, mliweza kuonekana dini ya mtu, maradhi yanayomsumbua, mwelekeo wake wa siasa, mahali alipo na hali yake ya fedha. Avast ilitakiwa kulipa dola milioni 16.5 na ikapigwa marufuku kuuza habari hizo kwa ajili ya matangazo. Miezi miwili baadaye mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Ucheki nayo iliitoza faini ya koruna milioni 351.

Kampuni ilijitetea kwa kusema kuwa majina ya watu yalikuwa yameondolewa. Utetezi huu wastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa tutausikia tena na tena kutoka kwa makampuni mengine. Jina liliondolewa, lakini kila kivinjari kiliachiwa alama yake isiyobadilika, na kila tendo likaachiwa saa yake. Tuseme mtu anaandika habari za mwananchi wa hapa bila kutaja jina: kwamba ni mwalimu wa kike wa hisabati, anakaa upande wa mlimani, kila Jumatatu asubuhi hufungua ukurasa wa shule fulani, kila mwisho wa mwezi hufungua ukurasa wa benki fulani, na kwa wiki tatu sasa anasoma usiku juu ya uvimbe wa matiti. Nani katika Mkolani atahitaji kuambiwa jina lake? Majirani watamjua, mwajiri atamjua, na mume wake atamjua kabla yeye mwenyewe hajawa tayari kumweleza.

Tena kuna jambo ambalo halikuandikwa sana. Fedha zile zilizotolewa huko Marekani zilikusudiwa kuwafidia wateja walioinunua antivirusi ya Avast kati ya Agosti 2014 na Januari 2020. Waliotumia ile ya bure hawakuhesabiwa. Wao hawakupoteza fedha, kwa hiyo kwa hesabu ya kibiashara hawakupoteza kitu. Na sehemu kubwa ya watu wa nchi zetu wako upande huo wa bure.

Wazee wetu walisema kuwa rahisi ni ghali, lakini si haki kumlaumu mwananchi kwa kupenda cha bure. Antivirusi za kulipia huuzwa aghalabu kwa dola, kwa mwaka, na kwa kadi ya benki. Ilhali mwenye duka la steshenari fedha zake zimo katika simu. Mtu huyo amefungiwa mlango wa mbele, naye anatafuta wa nyuma. Wengine huchukua ya bure. Wengine hupewa na fundi ile iliyovunjwa kufuli, yaani iliyoibwa, iliyobebwa katika flashi kutoka duka moja hadi jingine. Hapa ndipo penye kichekesho cha huzuni: karatasi ya maelekezo iambatanayo na kitu hicho huanza kwa kumtaka mtumiaji azime kwanza ulinzi wote wa kompyuta, kisha afungue faili. Ni kana kwamba mtu akuuzia mbwa mlinzi wa wizi, na sharti la mauzo ni kwamba siku ya kumleta ulale milango wazi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wako na walinzi wasiolinda kitu. Mwaka 2014 katika duka la programu za simu la Google palitokea programu iliyoitwa Virus Shield, bei yake karibu dola nne. Ilinunuliwa zaidi ya mara 10,000, ikapanda hadi juu kabisa ya orodha ya zinazonunuliwa. Ilipofunguliwa na wachunguzi ilionekana kuwa kazi yake yote ni moja: ukiibonyeza, alama ya mkasi hugeuka kuwa alama ya vema. Basi. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Austria ilizijaribu antivirusi 250 za simu za Android. Zilizoweza kukamata zaidi ya asilimia 30 ya programu mbaya bila kuzisingizia zile njema zilikuwa 80 tu. Zilizosalia hazikuifikia hata daraja hiyo ya chini. Alama ya ngao ya kijani si ushahidi, maana kuchora ngao ni kazi ya dakika tano.

Ndugu zao wa karibu ni programu zile ziitwazo VPN, zichimbazo handaki la siri kati ya simu ya mtu na intaneti. Vijana wengi huzitumia, na Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka wazitumiao wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Watu walibishana sana juu ya tangazo lile, kila mmoja kwa sababu zake. Katika mabishano hayo swali moja halikupewa nafasi yake: mwenye handaki ni nani? Mtu akimkwepa mlinda mlango mmoja kwa kupita katika handaki la mwingine, mizigo yake yote itapita mbele ya macho ya huyo mwingine. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure iliyojiita mlinzi, na kupitia hiyo ikawa yatazama watu hutumia programu zipi za washindani wake, na kwa muda gani. Apple iliiondoa katika duka lake mwaka 2018, na mwaka uliofuata Facebook ikaifunga. Julai 2023 mahakama ya Australia ilizitoza kampuni mbili za kundi hilo dola za nchi hiyo milioni 20, kwa kuwa watu waliambiwa kuwa habari zao zitalindwa, wasielezwe kuwa zitatumika katika biashara ya mlinzi.

Habari za mataifa makubwa kugombania walinzi hao twaweza kuzipita upesi. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa programu za Kaspersky ya Urusi katika mwaka 2024. Kampuni ilikana tuhuma, na sisi wa mbali si waamuzi wa ugomvi huo. Lililo na funzo kwetu lilitokea Septemba mwaka ule: wateja wengi wa Kaspersky huko Marekani waliwasha kompyuta zao wakakuta mlinzi wao ameondoka na mwingine, aitwaye UltraAV, amekwisha jisimika mahali pake, na wengi wao walisema hawakuombwa idhini. Mwenye madaraka ya chumba cha ndani aweza kumleta amtakaye. Aweza hata kuiangusha nyumba pasipo kukusudia, kama ilivyokuwa tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho moja lenye hitilafu la kampuni ya CrowdStrike lilipozizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikakwama na hospitali zikarudia kalamu na karatasi.

Je, basi tuwafukuze walinzi wote? La, hatusemi hivyo, na atakayesoma hivyo ametusoma vibaya. Virusi vipo. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilizunguka dunia, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Lakini tazama kilipitia wapi. Kilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha toa kiraka chake mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa wamebandika kiraka walisalimika. Hapa ndipo tuonapo kuwa watu wetu wanasumbukia kitu kidogo wakaacha kikubwa: katika maduka yetu bado zimo kompyuta za Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitolea viraka Januari 2020, na hata Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kumweka mlinzi mpya mlangoni pa nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma umekwisha anguka ni kumsumbua mlinzi.

Windows 10 na 11 zina mlinzi wake wa ndani, asiyedai malipo ya ziada, aliyepimwa na maabara nyingi akaonekana hodari wa kutosha kwa matumizi ya kawaida. Kwa maoni yetu huyo, pamoja na viraka vya kila mwezi, wamtosha mwenye steshenari wa Mkolani kuliko yule wa wizi aliyeletwa na flashi. Naye si malaika. Hutuma Microsoft sampuli za mafaili asiyoyaelewa, na yuko hivyo tangu siku ya kwanza mpaka mwenye kompyuta aingie katika mipangilio na kumzuia. Lakini angalau mwenye nyumba ni yule yule aliyeijenga. Hapana haja ya kumwongeza mtu wa tatu chumbani.

Tena tuseme wazi: mwananchi aibiwaye fedha katika sehemu zetu aghalabu hakuibiwa na kirusi. Ameibiwa na sauti. Nani hajapata ujumbe ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Nani hajapigiwa simu na mtu ajifanyaye mhudumu wa mtandao, ataja jina lako kamili, mahali unapokaa na tarehe yako ya kuzaliwa, hata ukaamini kuwa aongea kutoka ofisini? Majina hayo ameyapata wapi? Hatusemi kwamba yametoka katika kompyuta ya duka hili au lile. Twasema tu kwamba nakala ya kitambulisho iliyosahauliwa humo ina kila alichokitaja. Hapana antivirusi duniani iwezayo kumzuia mtu asitaje namba yake ya siri kwa kinywa chake. Kinachosaidia ni kuupeleka ujumbe wa tapeli kwenye namba 15040, na kubonyeza *106# ili mtu ajue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Watu wengine wamebonyeza wakakuta laini wasizozijua.

Halafu wako wakopeshaji wa simuni. Programu zao humpa mtu shilingi chache kwa haraka, nazo kabla ya kumpa huomba ruhusa ya kusoma orodha yote ya majina katika simu yake. Siku akichelewa kulipa, mkwe wake, mchungaji wake na mwalimu wa watoto wake hupokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Mdaiwa alitoa ruhusa, lakini mkwe hakutoa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Jirani zetu wa Kenya walitangulia kuchukua hatua kwa njia ya sheria ya taarifa: Septemba 2023 ofisi ya kamishna wao iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu wa tatu. Antivirusi ya simu yaweza kunyamaza kimya mbele ya programu za namna hii, kwa kuwa mbele yake si mwizi. Ni mgeni aliyefunguliwa mlango na mwenye nyumba.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu yatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume yake tarehe 3 Aprili 2024. Chini ya sheria hiyo mtu aweza kuuliza taarifa zake zipo wapi, aweza kutaka zirekebishwe au zifutwe, na aweza kupeleka malalamiko kwa Tume. Shirika livunjalo sheria hiyo laweza kutozwa hadi shilingi bilioni 5. Ni sheria njema. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama wa kibanda cha dagaa hataifikia kampuni ya Prague, wala hatajua kuwa ipo. Na Tume ikitaka kuifikia itahitaji wataalamu, mikataba na nchi nyingine, na muda. Kwa hiyo tungependa kuiona Tume ikianza na yaliyo karibu: kuyachunguza makampuni yauzayo antivirusi na VPN kwa wananchi wetu, na kutangaza kwa Kiswahili kipi hukusanywa na kipi hupelekwa nje. Masharti ya programu hizo yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa kwa kurasa, na chini yake pana kitufe kimoja cha kukubali. Mtu aliyekubali asichoweza kukisoma amekubali nini?

Na wenye maduka ya steshenari, tangu Mkuyuni na Nyegezi hadi Mkolani na Buhongwa, wafahamu kuwa sheria hiyo yawagusa na wao. Atunzaye mamia ya vitambulisho vya watu ndani ya kompyuta yake ni mkusanyaji wa taarifa, hata kama hakukusudia, hata kama duka lake ni la mlango mmoja. Lake la kufanya halihitaji dola wala kadi ya benki. Kila jioni kabla ya kufunga duka, mafaili ya wateja wa siku ile yafutwe. Akaunti za barua pepe walizoziacha wazi zifungwe. Nywila ambazo kivinjari kimezihifadhi ziondolewe. Kisha pipa la taka la kompyuta nalo limwagwe, kwa kuwa faili lililotupwa humo bado halijaondoka.